Aje leo, arudi Alhamisi: kazi ya mlezi wa mwalimu katika darasa jumuishi

Tanga husemwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Ukitazama namna walimu wa madarasa ya kawaida wanavyosaidiwa kufundisha watoto wenye ulemavu, msemo huo unakaa barabara. Mtaalamu anafika na makabrasha, semina ya siku mbili inafanyika ukumbini, posho inasainiwa, picha ya pamoja inapigwa, na saa kumi jioni gari linaondoka. Jumatatu mwalimu amesimama mbele ya darasa la 4, wanafunzi 90, dawati moja watatu, na katika hao yupo mtoto mwenye ualbino ambaye hajanakili mstari hata mmoja tangu kipindi kianze. Aliyoyasikia semina mwalimu hajayasahau. Hajui tu ayaanzie wapi.

Kisheria mtoto yule yuko mahali pake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapodai vingine, tena apewe msaada unaomfaa. Sheria imemfikisha mlangoni. Zimebaki dakika 40 za kipindi, nazo ziko mikononi mwa mwalimu ambaye wengi wa rika lake hawakufundishwa chuoni nukta nundu wala lugha ya alama.

Pengo hili limechunguzwa sana kwingineko. Marekani, tangu miaka ya 1980, watafiti wa elimu Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza kwamba maelezo na maonyesho humfanya mwalimu ajue jambo, lakini kulifanya darasani kwake, siku zote, ni nadra mpaka apatikane mtu wa kumfuata kazini. Mwaka 2018 watafiti wengine, Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan, wakaunganisha tafiti 60 za ulezi wa namna hii. Waliona ufundishaji hubadilika zaidi kuliko alama za wanafunzi, na waliona pia kwamba programu ikitanuka, nguvu yake inapungua. Hilo la pili watu wa mipango hawapendi kulisikia, na tutalirudia.

Nani anayelelewa?

Shuleni neno mlezi limezoeleka kwa mwalimu wa klabu au wa bweni. Hapa tunamsema mtu mwingine: mwalimu aliyesomea elimu maalumu, anayemfuata mwenzake darasani mara kwa mara mpaka somo la mwenzake libadilike. Anayelelewa ni mwalimu. Mtoto ananufaika kwa sababu mwalimu wake amebadilika, naye yuko na mwalimu huyo siku tano za wiki, wakati mlezi anapita siku moja.

Jambo hili linasemeka kirahisi na kutendeka kwa shida. Mlezi anaingia darasani, anamwona mtoto asiyesikia vizuri akihangaika, na roho haimpi. Anamchukua nje, chini ya mwarobaini, anamfundisha kutoa kwa kukopa, mtoto anaelewa, anacheka. Mwalimu wa darasa anashukuru kweli kweli. Wiki ya pili mlezi akifika, mtoto anatolewa kabla hata ya salamu: "Mwanao huyu hapa, Bi Mwalimu." Hapo kazi imekwisha kuharibika. Darasani hakuna kilichobadilika, mtoto amegeuka wa mlezi, na siku mlezi asipokuja, mtoto hana mwalimu.

Kuna kazi tatu nyingine zinazofanana na hii kwa nje. Mthibiti ubora wa shule anapima na kuondoka na ripoti. Mwalimu wa kitengo, yaani darasa maalumu lililo ndani ya shule ya kawaida, anawafundisha mwenyewe watoto wenye ulemavu. Mtoa semina anazungumza na ukumbi mzima. Tatizo ni kwamba mlezi mara nyingi ni mtu wa kitengo, na mkono wake umezoea kumshika mtoto. Ni lazima ajizuie, na pengine hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kazi yake.

Mkoa wa Tanga haukosi watu wa kuanzia. Irente, kule Lushoto, ipo shule ya wasioona. Pongwe, pembeni mwa jiji, shule ya msingi imezoea kupokea watoto wenye ulemavu. Na wapo walimu waliopitia Chuo cha Patandi, Arusha. Ila kuwe na tahadhari moja: elimu maalumu ina matawi. Aliyebobea kwa wasioona si lazima aijue Lugha ya Alama ya Tanzania, na aliyesomea ulemavu wa akili anaweza kuwa hajawahi kuketi mbele ya mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu. Afisa anayepanga walezi aulize tawi kwanza. Na mlezi mwenyewe awe na ulimi wa kusema, "Hili silijui, nitamuuliza mwenzangu nikujibu wiki ijayo." Akibahatisha mara moja na mwalimu akaja kugundua, hataaminiwa tena.

Ziara moja, dakika 75

Ziara nzuri ina vipande vitatu: dakika 15 kabla ya kipindi, dakika 40 za kipindi, dakika 20 baada yake. Kwa darasa la 1 na la 2 kipindi ni dakika 30, basi ziara inafupika. Kipande kinachokatwa siku zote ni cha mwisho, kwa sababu mwalimu ana kipindi kingine kengele ikilia. Kwa hiyo mlezi azungumze mapema na mwalimu wa taaluma, sio na mwenye kipindi peke yake: ziara ipangwe kabla ya mapumziko ya saa nne, au kabla ya kipindi ambacho mwalimu hana darasa. Mazungumzo ya kwenye korido, mwalimu ameshika chaki na mguu mmoja uko mlangoni, hayabadilishi kitu.

Kabla ya kipindi mlezi anauliza swali moja: "Kipindi kikiisha, huyu mtoto awe ameweza kufanya nini?" Mara nyingi jibu halipo. Andalio la somo limeandikwa kwa darasa zima, na mtoto huyu hajafikiriwa humo. Mlezi asilifanye jambo hilo kosa. Wakubaliane jibu palepale, dogo na la kuonekana: "Ajibu maswali matatu kati ya matano, mwenyewe, daftarini mwake." Kisha wakubaliane mlezi atatazama nini. Kitu kimoja.

Darasani mlezi anakaa mahali anapomwona mtoto kwa pembeni, wala hasogei. Ana karatasi yenye safu nne: anatazama ubao, anaandika, ananakili kwa jirani, amekaa tu. Kila baada ya dakika 2 anainua macho na kuchora kijiti, mstari mmoja mfupi, kwenye safu moja. Kipindi cha dakika 40 kinatoa vijiti 20. Haandiki "mwalimu hajamjali mwanafunzi" wala "darasa lina vurugu." Anahesabu tu.

Tuchukue yule mtoto wa darasa la 4, somo la Hisabati. Tuseme vijiti vimetoka hivi: ubao 3, kuandika 2, kwa jirani 9, kukaa tu 6. Mazungumzo ya baadaye yanakwenda takriban hivi. Mwalimu anaanza kusema, siku zote yeye kwanza.

"Umekionaje kipindi, Mwalimu?"

"Wengine sawa. Huyu bwana leo kanichosha. Mvivu."

Mlezi hambishii. Anasogeza karatasi. "Hebu tazama. Mara tisa kainamia daftari la mwenziwe. Mvivu angelala."

Mwalimu anatazama vijiti. Kimya kidogo. "Kwa hiyo haoni ubaoni."

Sentensi hiyo aliyeisema ni mwalimu, na ndiyo maana itadumu. Ingesemwa na mlezi, ingekuwa lawama.

Hapo ndipo utaalamu unapoingia, kwa kipimo. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani haiurekebishi wote, macho hutikisika yenyewe, na mwanga mkali huyaumiza. Kumweka dawati la mbele, ushauri ambao kila mtu anaujua, hakutoshi ikiwa dawati hilo linatazamana na dirisha la mashariki saa mbili asubuhi, na jua la pwani tunalijua. Akae mbele, lakini dirisha liwe nyuma yake au ubavuni. Kichwa akikiinamisha upande, asiambiwe akae vizuri: wengi wana pembe moja ambayo macho yakielekea huko mtikisiko unapungua, na pembe hiyo ndiyo anayosomea. Daftari akilileta karibu na pua, aachwe. Hajiharibii macho.

Kofia ya kukinga mwanga nayo ina habari yake. Shule nyingi hukataza kofia darasani. Mwalimu wa Hisabati akimruhusu, mwalimu wa zamu atamvua mlangoni. Ruhusa hiyo inahitaji neno la mwalimu mkuu mbele ya walimu wote, na ni moja ya mambo machache ambayo mlezi anapaswa kuyapeleka ofisini.

Baada ya maelezo hayo mwalimu anachagua badiliko moja mpaka ziara ijayo. Tuseme amechagua hili: maswali matano ya zoezi ayaandike kwenye karatasi ya A4 kwa kalamu ya wino mzito mweusi, tarakimu zenye urefu wa sentimita 1 hivi, ampe mtoto mkononi kabla hajageukia ubao. Inachukua dakika nne. Na anapoandika ubaoni, ayataje kwa sauti anayoyaandika: "Mia tatu arobaini na mbili, toa, mia moja hamsini na tisa," badala ya "hii toa hii." La pili halina gharama yoyote, na linawasaidia pia wale wa madawati ya nyuma ambao nao hawaoni ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mlezi anaporudi anahesabu vijiti vilevile. Mwalimu akiona safu ya kuandika imetoka 2 ikafika 8, hahitaji kuambiwa maneno mengi.

Kwa mtoto asiyesikia vizuri mantiki ni ileile, ila macho ya mlezi yanatazama kwingine: uso wa mwalimu. Mwalimu anayezungumza huku anaandika ubaoni anazungumza na ukuta. Anayesimama na dirisha mgongoni uso wake ni kivuli. Na wale wanaosema mtoto "anasoma midomo" wajaribu wenyewe mbele ya kioo: baba, papa, mama. Yote matatu yanaonekana kitu kimoja, kwa sababu b, p na m hufungwa midomo vilevile. Kwa hiyo neno jipya la somo liandikwe ubaoni kabla ya kutamkwa, na jibu la mwanafunzi wa nyuma mwalimu alirudie akiwa ameelekea darasa. Masika yakianza na mvua ikapiga bati, hata mwenye kifaa cha kusikia hapati kitu. Kifaa hukuza kila sauti, mvua ikiwemo. Siku hizo ziwe na kazi ya kuandika iliyotayarishwa mapema. Sikio linalotoa usaha si suala la ufundishaji hata kidogo. Mtoto huyo anapelekwa zahanati, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Bombo, kabla ya jambo lingine lolote.

Ulemavu wa akili unahitaji mwalimu ajifunze kuikata kazi vipande. "Kunja karatasi, kata, bandika, andika jina" ni maagizo manne, na mtoto anabaki na la mwisho. Litolewe moja, lifanyike, lifuate lingine. Kokoto na vifuniko vya soda vya kuhesabia viwepo mezani hata darasa la 4, bila aibu.

Mlezi hatoi jina la ugonjwa wala ulemavu. Akiona dalili, atumie maswali ya utendaji, kama yale ambayo Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, na UNICEF waliyatoa mwaka 2016: je, mtoto ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kufanya marafiki, hana kabisa, kidogo, kubwa, au hawezi. Jibu la namna hiyo linamwambia mwalimu afanye nini kesho. "Huyu ana usonji" iliyotamkwa na asiyepima haimwambii kitu, na mtoto ataibeba miaka.

Inapoharibikia

Ya kwanza ni wingi wa ushauri. Mlezi mpya, kwa ari, anatoka darasani na mambo 11 ya kurekebisha. Yote ni ya kweli. Mwalimu anaitikia yote na hafanyi hata moja, kwa sababu ana madaftari 90 ya kusahihisha. Moja kwa ziara. Likishindikana, lirudiwe au lipunguzwe, lisiongezewe la pili.

Ya pili ni ripoti. Mwalimu mkuu anauliza, kwa nia njema tu, "Vipi, huyu mwalimu wangu yukoje?" Mlezi akijibu swali hilo mara moja, hatafunguliwa darasa tena kwa moyo, ataandaliwa kipindi cha maonyesho, watoto wamekaririshwa nyimbo. Makubaliano yawekwe siku ya kwanza, mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe: karatasi ya vijiti inabaki kwenye daftari la mwalimu, na ofisini zinakwenda tarehe za ziara pamoja na mahitaji ya vifaa na ruhusa. Basi. Afisa Elimu Kata naye aelezwe hivyohivyo, maana ndiye atakayeuliza baadaye.

Ya tatu ni uhamisho. Mwalimu amelelewa mwaka mzima, barua inakuja, huyoo Kilindi. Dawa kamili haipo, ila katika shule moja walelewe walimu wawili kwa pamoja, wanaofundisha darasa moja masomo tofauti. Mmoja akiondoka, yupo anayejua karatasi ya A4 huandikwaje. Wawili hao pia wanaweza kupeleka walichopata kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule, ile inayoendeshwa chini ya mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na hapo vijiti vya darasa la 4 vinasema zaidi ya kitini chochote.

Kuna na lawama moja ya haki kutoka kwa walimu wenyewe: upimaji wa kitaifa wa darasa la 4 uko mbele, mada hazijaisha, nawe waniambia nipunguze mwendo? Mlezi asiikwepe. Karatasi ya A4 haipunguzi mwendo. Kurudia jibu la mwanafunzi kunakula dakika moja au mbili. Lakini kukata kazi vipande kunakula muda kweli, na hapo mwalimu ana haki ya kusema, si mada hii. Mlezi akubali, achague nyingine. Kwa mtoto wa uoni hafifu kuna hoja ya ziada: Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza kwa wanaostahili, ila shule ndiyo inayopeleka taarifa za mtahiniwa. Mwalimu aliyekwisha kujua ukubwa wa maandishi anayosoma mtoto wake anajua la kuandika kwenye fomu.

Hesabu ya siku

Badiliko la ufundishaji linataka ziara kama 6 kwa mwalimu mmoja katika muhula, wiki moja hadi mbili kati ya ziara na ziara. Ikipita mwezi, kila safari ni kuanza upya. Muhula una wiki nyingi kwenye karatasi, ila ukiondoa mitihani, sikukuu na wiki za kufungua na kufunga, hesabu wiki 12 za uhakika. Mlezi mwenye siku moja ya ulezi kwa wiki ana siku 12. Asubuhi moja inatosha ziara mbili katika shule moja, kwa hiyo ziara 24. Ukigawa kwa 6, ni walimu 4.

Wanne, kwa muhula mzima, kwa mlezi mmoja. Mpango unaosema mlezi mmoja atahudumia shule 15 umerudi kuwa semina, umebadilishiwa jina tu. Ndipo yanapokuja yale ya Kraft na wenzake: ukubwa unaua. Ni afadhali halmashauri ianze na kata mbili, tuseme Mabawa na Makorora ambako mlezi anafika kwa baiskeli kama Mtanga yeyote, kuliko kuchora ramani ya jiji zima na kutafuta nauli ya bodaboda ambayo haitatoka kwa wakati.

Kuna gharama moja ambayo bajeti haiioni. Alhamisi mlezi yuko Makorora. Watoto wake wa kitengo wako na nani? Kama jibu ni "watakaa na mlinzi," basi mtoto mmoja amesaidiwa kwa kunyang'anywa wengine, na wazazi wa kitengo watalalamika, tena wana haki. Penye walimu wawili wa kitengo wapokezane, huyu Jumanne, yule Alhamisi. Penye mmoja tu, siku ya ulezi ipangwe ile ambayo watoto wa kitengo wanaingia madarasa ya kawaida kwa vipindi vingi, na walimu wa madarasa hayo wawe ndio wa kwanza kulelewa. Afisa elimu maalumu wa halmashauri alipange hilo kwa maandishi, na mwalimu mkuu wa shule anayotoka mlezi asaini kabla ratiba haijabandikwa ukutani, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na darasa lisilo na mtu saa mbili asubuhi.